Mji kwa Kimo cha Goti: Majibu kwa Wafugaji wa Mbwa Wachanga

Barua zilizofika kwa ajili ya toleo hili zimeelekea upande mmoja. Watu wanaoishi mjini, wengi wao katika majengo ya ghorofa, wamechukua watoto wa mbwa wenye umri wa miezi miwili hadi minane, na sasa wanashangazwa na tabia zao. Nimechagua barua ambazo majibu yake yatawafaa wengi, nikaziacha zile zinazohusu kuharisha, upele na homa, kwa kuwa magonjwa hayatibiwi jaridani. Mwenye mnyama mgonjwa asisubiri toleo lijalo.

Shikamoo Daktari. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari na tumepewa kazi ya kuandika insha ambayo msimulizi wake ni mbwa mdogo anayeishi mjini. Katika insha yangu mbwa anaamka, anachungulia dirishani na kuona basi jekundu likipita, anamtambua jirani anayempungia mkono kutoka mwisho wa barabara, anajitazama kwenye kioo na kujisifu, kisha anashinda akihesabu saa mpaka tutakaporudi. Mwalimu amesema lugha ni nzuri, lakini mbwa wangu ni mtu aliyevalishwa manyoya. Nirekebishe wapi?

Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako ana jicho kali, na bahati yako ni kwamba kasoro alizoziona zinarekebishika.

Tuanze na basi. Jicho la binadamu lina aina tatu za seli za kutambua rangi, na la mbwa lina aina mbili tu. Mwaka 1989 mtafiti Jay Neitz na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, walichapisha matokeo ya jaribio ambamo mbwa waliwekewa vidirisha vitatu vilivyomulikwa, wakafundishwa kuchagua kile ambacho rangi yake ilitofautiana na ya vingine viwili. Ilidhihirika kwamba bluu na manjano mbwa huzitenganisha bila taabu, ilhali nyekundu na kijani humtatiza. Basi lako jekundu, machoni pa msimulizi wako, ni dude kubwa lenye rangi iliyofifia, na likipita mbele ya miti atalitambua kwa sababu linakwenda, wala si kwa sababu ya wekundu wake.

Jirani wa mwisho wa barabara naye hatambuliki kwa sura. Makadirio yanayotumiwa sana ni kwamba kile ambacho mtu mwenye macho mazima hukiona sawasawa akiwa mita 23, mbwa hana budi kukisogelea hadi mita 6 ndipo akione hivyo. Mkono unaopungwa atauona, kwa kuwa macho yake ni hodari wa kunasa mwendo, lakini mwenye mkono ni nani hatajua mpaka upepo ugeuke au mtu huyo aanze kutembea kwa hatua zake anazozifahamu. Na hapo hapo nina swali: huyo mbwa mdogo anachunguliaje dirishani? Kizingiti cha dirisha kimejengwa kwa kimo cha mtu mzima. Anachokiona yeye kila siku ni upande wa chini wa vitu: mbao zisizopakwa rangi chini ya meza, kucha za miguu yenu, magurudumu ya kiti, nyaya zilizofichwa nyuma ya kabati, na ule ufa mwembamba chini ya mlango unaoingiza mwanga pamoja na harufu zote za korido.

Kuhusu kioo, watoto wengi wa mbwa hukibwekea siku za mwanzo, wengine huzunguka nyuma yake kumtafuta mwenzao, na wanapokosa harufu yoyote hukipuuza moja kwa moja. Kujisifu hakuna. Kuhesabu saa pia kufute, kwa sababu katika umri huo mbwa hulala kati ya saa 18 na 20 kwa siku. Mchana wake ni usingizi unaokatizwa na mlio wa ufunguo wa jirani, mtoto anayeburuta begi ngazini, maji yanayoteremka ndani ya bomba la ukutani. Ningekuwa mimi, ningeianza insha pale kwenye ufa wa mlango, na basi ningelileta kwa mtetemo unaopanda kutoka sakafuni hadi kwenye kidevu chake, kabla hata mlio haujasikika.

Kwako Daktari. Mbwa wangu ana miezi mitano. Matembezi ya dakika 20 huishia kwenye nguzo ya pili ya taa, kwa kuwa akianza kuinusa haondoki. Nikimvuta analala chini, na majirani waliokaa barazani wananicheka. Nimfanyeje? (Kijana wa ghorofa ya nne)

Ndugu yangu, kuchekwa na majirani hakujawahi kumdhuru mbwa, kwa hiyo tuliache hilo na tutazame kinachotendeka pale kwenye nguzo.

Pua ya binadamu ina vipokezi vya harufu vinavyokadiriwa kuwa milioni 5 au 6. Ya mbwa, kutegemea aina yake, inakadiriwa kuwa na zaidi ya milioni 200. Tofauti haiishii kwenye idadi. Mbwa anaponusa kwa makini huvuta hewa kwa mikupuo mifupi, takriban mitano kwa sekunde, na anapoitoa hewa hiyo haipitii katikati ya tundu alikoingizia harufu, bali hutokea kwenye mikato midogo iliyoko pembeni mwa pua na kurudi nyuma, jambo linalosaidia kuvuta harufu mpya kuelekea mbele. Mchungulie kwa karibu siku moja akinusa penye vumbi: utaona vumbi likiruka kando kando mwa pua na kurudi nyuma huku ncha ya pua ikiendelea kufanya kazi. Juu ya hayo, kwenye kaakaa, nyuma ya meno ya mbele, kuna mlango wa kiungo kingine kinachopokea kemikali za mkojo na za miili ya mbwa wenzake; ndiyo maana wakati mwingine analamba pale aliponusa, kisha anagonganisha meno taratibu huku macho yametulia.

Kwa hiyo nguzo inampa habari. Inamweleza ni nani aliyepita, dume au jike, kama jike huyo yuko kwenye joto, na kama harufu ni ya leo asubuhi au imeanza kuchakaa. Mbwa wa miezi mitano yuko karibu kuingia umri wa kubalehe, na habari hizi ndizo kwanza zinaanza kuwa na maana kwake. Kumtoa matembezini na kumkataza kunusa ni sawa na kumpeleka mtu harusini ukamfunga kitambaa machoni, kisha ukalalamika kwamba hachangamki.

Nakushauri uyatenganishe matembezi. Asubuhi, unapowahi kazini, mpeleke moja kwa moja mahali pa kujisaidia, fupi, bila mazungumzo mengi, halafu mrudishe. Jioni mfungie kamba ndefu kidogo, ya mita 3 hivi, umwache aongoze njia na kusimama anapotaka. Kama mtaishia nguzo ya pili, basi mmeishia nguzo ya pili, na utashangaa jinsi atakavyolala fofofo akirudi kuliko siku uliyomkimbiza kilomita mbili. Unapohitaji aondoke usimvute kwa shingo. Mnunulie mkanda wa kifuani, chagua neno moja la kuondokea, litamke, piga hatua mbili ukiwa umemgeuzia ubavu, na akikufuata mpe kitu kidogo anachokipenda. Mbwa anayelala chini anapovutwa hagomi kwa kiburi. Shingo ikivutwa mbele, mwili wake wenyewe hukaza kurudi nyuma.

Mpaka ni mmoja tu. Penye takataka, mifupa iliyotupwa, au chakula kilichowekwa sumu ya panya, pua haipewi uhuru. Neno "acha" lifundishwe nyumbani kwanza, kwa chakula kilichofunikwa na kiganja, kabla halijahitajika barabarani.

Daktari, mbwa wetu ana wiki tisa na amepata chanjo ya kwanza tu. Aliyetupatia alituonya tusimtoe nje mpaka amalize chanjo zote, yaani akiwa na miezi minne. Bibi mmoja jirani yetu, ambaye amefuga mbwa maisha yake yote, anasema tukingoja hivyo tutapata mbwa mwoga. Tumsikilize nani?

Wote wawili wana hoja.

Aliyewapatia mbwa anaogopa hasa ugonjwa wa parvo, ule unaoleta kutapika na kuharisha damu. Virusi vyake hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi, havifi kwa sabuni ya kawaida, na mtoto wa mbwa anayeupata bila kutibiwa mara nyingi hufa. Chanjo hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne, kuanzia wiki ya sita hadi ya nane na kuendelea mpaka wiki ya 16 hivi, kwa sababu kinga aliyoipata kwenye maziwa ya mama yake huizuia chanjo kufanya kazi, na hakuna anayeweza kujua kwa kumtazama ni wiki gani kinga hiyo itakwisha. Chanjo ya kichaa cha mbwa nayo kwa kawaida hutolewa anapofikia wiki ya 12. Ratiba kamili mtapewa na daktari wenu, naye ndiye wa kufuatwa.

Bibi naye anasema kweli. Mwaka 1961 watafiti Daniel Freedman, John King na Orville Elliot walieleza jaribio lililofanyika Marekani, ambamo watoto wa mbwa walilelewa na mama zao ndani ya uwanja uliozungushiwa ua mrefu, wakilishwa bila kuonana na watu. Baadhi yao walitolewa kwa wiki moja, kila kundi kwa umri wake, wakachezewa na binadamu kisha wakarudishwa uani. Wengine hawakuguswa kabisa mpaka wiki ya 14. Hawa wa mwisho walibaki kuwaogopa watu, na juhudi za baadaye za kuwazoesha hazikuzaa matunda ya maana. Kutokana na kazi hiyo na nyingine za wakati huo, imekubalika kwamba kati ya wiki ya 3 na takriban ya 12 hadi 14 mtoto wa mbwa hupokea mambo mapya kwa urahisi ambao hautarudi tena. Wengi hutumia methali ya samaki mkunje angali mbichi pale wanapotaka kuhalalisha fimbo. Kwa mtoto wa mbwa, kinachokunjika katika umri huu ni woga: lolote atakalolizoea sasa akiwa salama, hatalikimbia akiwa mkubwa.

Sasa hesabuni wenyewe. Mkimfungia ndani mpaka miezi minne, mlango wa kuuzoea mji utakuwa umekwisha kufungwa siku mnayomfungulia mlango wa nyumba. Mwaka 2008 chama cha madaktari wa wanyama wanaoshughulikia tabia nchini Marekani kilitoa tamko kwamba watoto wa mbwa wanaweza kuanza mafunzo ya pamoja wakiwa na wiki saba au nane, mradi angalau siku saba zimepita tangu chanjo ya kwanza na mahali penyewe ni safi. Madaktari wengi siku hizi hufuata mkondo huo.

Njia rahisi ni kumbeba. Mikononi au ndani ya mfuko ulio wazi juu, miguu yake haigusi udongo na pua yake inapata kila kitu. Kaeni naye kwenye benchi lililo mbali kidogo na barabara kwa dakika kumi, si saa nzima. Kumbukeni kwamba akishushwa chini, bomba la moshi la pikipiki liko usawa wa uso wake, breki za lori hupuliza juu ya kichwa chake, na mtu mwenye mwavuli huzuia anga yote. Basi muanzie mbali, na msogee siku nyingine. Aone fimbo ya mzee, kiti cha magurudumu, watoto wanaokimbia, mtu aliyejitwisha mzigo, kofia ya chuma ya mwendesha pikipiki ikivuliwa na sura ya mtu ikitokea. Kila kipya kiambatane na kitamu kidogo. Mkiona anapiga miayo ilhali hana usingizi, analamba midomo ilhali hajala, au mkia unaingia katikati ya miguu, ametosheka, rudini nyumbani. Mbwa wa rafiki ambaye chanjo zake zimekamilika anaweza kumtembelea nyumbani. Uwanja ambao mbwa wasiojulikana hujisaidia muuepuke kabisa mpaka daktari awaruhusu.

Mfikishieni bibi salamu zangu.

Mheshimiwa Daktari, mbwa wetu wa miezi sita huinuka na kwenda mlangoni muda mrefu kabla mume wangu hajafika, na hilo tunalifurahia. Lakini usiku huikazia macho pembe moja ya jikoni, masikio yamelala nyuma, analia kwa sauti ndogo, na pembeni pale hamna kitu. Mama mkwe wangu anasema mbwa huona visivyoonekana. Nimjibu nini bila kumvunjia heshima?

Mwambie mama kwamba amekaribia sana, ila aweke masikio mahali pa macho. Binadamu mwenye masikio mazima husikia mitetemo ya kati ya hezi 20 (yaani mitetemo 20 kwa sekunde) na hezi 20,000, na juu ya hapo kwake ni kimya. Mbwa hufika hadi hezi 45,000 hivi. Nyumba yenu ambayo nyinyi mnaiona imetulia ina sauti ambazo yeye peke yake anazisikia, na hana namna ya kuwauliza kama nanyi zinawasumbua.

Kagueni pembe hiyo kwa kufuata soketi za umeme. Je, kuna kifaa cha kufukuzia panya kwa sauti? Vifaa hivyo vimetengenezwa vitoe sauti ya juu ambayo mtu haisikii, lakini mbwa anaisikia barabara, na mtengenezaji hakumfikiria yeye. Kichomoeni usiku mbili tatu mwone. Baadhi ya chaja na taa nazo huzomea kwa sauti nyembamba zinapochakaa. Kama hakuna kifaa chochote, basi huenda ni panya wenyewe ndani ya ukuta, kwa kuwa nao huzungumza kwa sauti za juu kuliko upeo wetu.

Jambo hili lina historia ya kuchekesha kidogo. Mwingereza Francis Galton, katika karne ya 19, alibuni filimbi ndogo ya sauti za juu mno na kuifungia kwenye mkongojo wake, akawa anazunguka nayo mitaani na katika bustani za wanyama akiibonyeza kwa siri ili aone ni mnyama yupi atageuka. Mwaka 1883 aliandika kwamba mbwa wadogo karibu wote waligeuka, lakini mjini Bern, ambako aliwakuta mbwa wakubwa wengi wamejilalia mabarabarani, alijaribu kwa saa nyingi bila kumpata hata mmoja aliyeisikia. Akahitimisha kwamba mbwa wakubwa hawasikii sauti hizo. Vipimo vya maabara vilivyochapishwa na Henry Heffner mwaka 1983, vilivyolinganisha mbwa wa maumbo mbalimbali tangu wale wadogo kabisa hadi wale majitu, havikuonesha tofauti hiyo. Inawezekana mbwa wa Bern walisikia vizuri tu, ila waliona hapana sababu ya kuinuka kwa ajili ya mzee mwenye mkongojo.

Kuhusu mume wako, mbwa hufahamu mlio wa hatua zake, huenda na wa gari lake, pamoja na saa anazozoea kurudi. Akibadilisha viatu, au akipanda na mgeni, mtaona mbwa anasita kidogo.

Daktari, tunakaa ghorofa ya tisa na mbwa hataki kuingia lifti. Akiingia anajibana ukutani na kutetemeka. Ngazi ni nyingi mno kwake. Tufanyeje?

Fikiria lifti bila kujua kwamba ni lifti. Ukuta unapasuka wenyewe, mnaingia katika chumba kidogo kisicho na njia ya kutokea, sakafu inalegea chini ya miguu, nyaya zinaunguruma, na ukuta unapopasuka tena dunia iliyokuwa nje imeondolewa na kuwekwa nyingine yenye harufu tofauti kabisa. Sisi tunasoma namba juu ya mlango. Yeye hana cha kusoma.

Chagueni saa ambayo lifti haina watu. Siku za kwanza mlishieni mbele ya mlango bila kuingia. Kisha ingieni huku mmoja wenu ameushikilia mlango usifunge, ale kidogo, mtoke. Baadaye safiri ghorofa moja tu, umwache asimame kwenye mkeka wake mdogo mtakaokuwa mnautandika humo ili sakafu isiteleze, na ongezeni ghorofa polepole. Kamba iwe fupi mkononi wakati wote wa kuingia na kutoka, na hakikisheni mbwa mzima yuko upande mmoja na wewe kabla mlango haujafunga, kwa sababu kamba iliyobanwa na mlango wa lifti inayoondoka inaweza kumuua. Kama haraka ni kubwa, mbebeni. Hakuna aibu.

Ndugu Daktari, mimi ni baba wa familia. Nikirudi kazini nakuta kiatu kimetafunwa. Mbwa, ambaye ana miezi minne na nusu, ananitazama kwa pembe ya jicho, masikio chini, mkia umefichwa. Anajua kabisa amekosa, na kesho yake anarudia. Huu si ujeuri?

La, ndugu yangu, na katika jambo hili ushahidi ni mzuri. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa Chuo cha Barnard, New York, alichapisha jaribio lililofanywa kwa mbwa 14. Mwenye mbwa alimkataza mnyama wake kula kitamu kilichowekwa mbele yake, akatoka chumbani. Aliporudi aliambiwa kama mbwa ametii au ameiba, lakini mara nyingine aliambiwa uongo kwa makusudi. Ule uso unaouita wa hatia haukufuata kosa la mbwa bali kukemewa kwake: mbwa aliyekemewa aliuonesha, awe ameiba au hakuiba, na wale watiifu waliosingiziwa waliuonesha zaidi kuliko wezi.

Jaribu kuipitia jioni yako kwa upande wake. Amelala, ameamka, ufizi unamwasha. Meno 28 ya utoto yanang'oka na 42 ya utu uzima yanasukuma kutoka chini, shughuli inayoanza karibu na mwezi wa tatu au wa nne na kumalizika kwenye mwezi wa saba. Katika nyumba nzima, kitu chenye harufu yako kwa wingi kuliko vyote ni kiatu, nacho ni laini, kinanyumbulika, na kimeachwa sakafuni, ambako ndiko yeye huishi. Anakitafuna akiwa nawe, kwa namna fulani, ingawa hupo. Saa nne au tano zinapita. Mlango unafunguka, anainuka kwa furaha, na mtu anayempenda ananyamaza ghafla, mabega yanapanda, pumzi inabadilika, sauti inatoka nzito. Mbwa hana njia ya kuunganisha sauti hiyo na jambo la mchana. Anachojifunza ni kwamba baba akirudi, wakati mwingine ni hatari, na kwa hiyo kesho atakupokea ameinama hata kama hakugusa chochote, nawe utautafuta mchezo wake wa siri mpaka chini ya kitanda.

Kemeo, hata liwe la haki namna gani, likichelewa zaidi ya sekunde chache limepotea. Viatu viwekwe kabatini. Yeye apewe vya kwake vya kutafuna, vigumu kiasi cha kutomegeka, na kitambaa kilicholoweshwa na kugandishwa kwenye friji humtuliza ufizi vizuri sana. Na umwangalie kwa saa: makadirio ya kawaida ni kwamba mbwa mdogo anaweza kubana mkojo kwa saa sawa na miezi ya umri wake, ukiongeza moja. Huyu wako ni saa tano na nusu kwa kukaza sana. Siku yako ya kazi ni ndefu kuliko hapo, kwa hiyo mtafute mtu wa kumfungulia adhuhuri, awe ni jirani au ndugu, kabla hujaniandikia barua ya pili kuhusu zulia.

Daktari, ni saa ngapi inafaa kumtembeza mbwa mdogo siku za jua kali? Tunakokaa kote ni lami na saruji. (Dada wa mjini kati)

Dada, kabla ya kutoka weka mgongo wa kiganja chako juu ya lami na uuache hapo kwa sekunde saba. Ukishindwa kuvumilia, nyayo zake nazo haziwezi. Asubuhi mapema ndiyo saa bora. Jioni lami huendelea kutoa joto hata baada ya jua kuzama, na yeye tumbo lake liko karibu nayo kuliko lilivyo lako, huku njia yake kuu ya kujipooza ikiwa ni kuhema, kwani jasho hutoka kidogo tu, kwenye nyayo. Mpitishe penye majani au kivuli, ubebe maji, na kipimo cha kiganja kirudiwe kila mnapotoka. Akianza kuchechemea au kulamba nyayo mfululizo mtakaporudi, zitazame kama zina malengelenge, zioshe kwa maji ya baridi ya kiasi yasiyo ya barafu, na umpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo.